Kidole Gumba cha Sleyum

Mume wangu Sleyum aliuza matairi Wadi Kabir, hapa Maskati, kwa miaka ishirini na mbili, na katika miaka hiyo yote mimi sikuwahi kuchagua hata moja. Gari likihitaji tairi, lilikwenda naye dukani asubuhi na jioni likarudi limevaa mapya.

Alifariki hukohuko dukani, mwezi wa Septemba mwaka 2004. Alikuwa amekaa anakunywa kahawa, moyo ukasimama. Tulimzika alasiri ya siku hiyohiyo. Binti yetu wa pekee, Nawar, alikuwa Skotland, daktari wa mwaka wa kwanza, na habari ilipomfikia baba yake alikuwa tayari ardhini. Hakukuwa na haja ya kupanda ndege. Alilia kwenye simu, na mimi nikalia upande huu.

Nikakaa eda katika nyumba yetu ya Al Khuwair: miezi minne na siku kumi, sitoki, sivai rangi, sijitii manukato. Wiki ya kwanza nyumba ilijaa wanawake. Wiki ya tatu walibaki wawili watatu. Kufika mwezi wa pili nilikuwa naisikia friji ikiwaka na kuzima. Safwan, mdogo wake marehemu, alikuja kila baada ya siku mbili na mifuko ya sokoni. Aliisukuma ndani, akasimama nje ya mlango, mimi nikasimama nyuma ya pazia, tukazungumza.

Nawar alipiga simu Ijumaa. Ijumaa moja, mwishoni mwa Novemba, sauti yake ilikuwa ya haraka.

"Mama, nahamishiwa hospitali ndogo ya milimani. Jumanne naanza. Njia yote ni theluji na barafu, na gari langu halina matairi ya baridi."

"Si ununue?"

"Ndiyo nataka kununua. Gereji wana ya aina mbili. Moja la kampuni kubwa, ghali, karibu mara mbili ya lile jingine. Jingine la bei ya kati, na fundi anasema nalo si baya. Mama, Baba angenunua lipi?"

Mwaka uliopita gari la daktari mwenzake liliteleza njia hiyohiyo, likaingia bondeni. Nawar alikuwa amenisimulia, na tangu hapo kila nikisikia neno theluji naona bonde.

"Unakumbuka kidole chake?" nikamwambia.

Akacheka kidogo. "Nakumbuka."

Sleyum hakusoma karatasi za kampuni. Alikuwa akibonyeza mpira kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha ukizama, alilirudisha tairi kwenye rafu. Alisema tairi laini huliwa na lami ya joto la Julai kama sabuni inavyoliwa na maji, na anayekuuzia tairi laini anakuuzia jeneza. Nawar alipokuwa mdogo alimpeleka dukani siku za likizo, akamfundisha kubonyeza. Mtoto wa miaka minane, kidole cheusi kwa mpira, anawaambia wateja, "Hili bichi, halijaiva."

"Basi bonyeza," nikamwambia. "Lililo gumu ndilo."

Jumamosi alipiga tena, kwa furaha. Alibonyeza yote mawili. Lile ghali ukucha ulizama. Lile la bei ya kati lilikuwa gumu.

"Fundi akabishana na mimi, Mama. Ati laini ndilo zuri kwa baridi! Nikamwambia baba yangu alikuwa akiuza matairi kabla wewe hujazaliwa. Nimeagiza la bei ya kati. Jumatatu mchana wananifungia."

"Umefanya vizuri, mwanangu."

Jioni hiyo nilikula nikashiba, mara ya kwanza tangu msiba. Ilikuwa kama Sleyum ametoka kidogo tu, na kazi yake inaendelea.

Jumapili asubuhi Safwan akaleta samaki. Nikamhadithia kutoka nyuma ya pazia.

"Nimesikia, shemegi. Nawar kanipigia na mie. Nikaenda kumuuliza Bakhit pale dukani, si ndiye fundi aliyebaki? Kaniambia, 'Kwani mie mkazi wa Skotland? Theluji nnayoijua ni ya ndani ya friza, na humo hata mkate unageuka jiwe.'"

"Bakhit naye na maneno yake."

"Mwache. Tangu kaka afe hana wa kumtania. Haya, huyo nguru mtie friza upesi, joto hili litamharibu."

Akaondoka. Nikamkatakata nguru, nikafungua friza, na mkono ukabaki hapo katika ubaridi. Kulikuwa na mkate wa wiki iliyopita. Nikaugonga kwa kisu. Ulilia kama ubao.

Nikaenda msalani. Kandambili za Sleyum zilikuwa bado chini kando ya ukuta, pale alipoziacha. Hakuna aliyezigusa, na mimi nilikuwa nikioga nikizizunguka. Zilikuwa za mpira mgumu, alizipenda kwa sababu haziishi. Zangu zilikuwa laini za rangi ya waridi, alizoea kuniambia nimevaa andazi. Nikachukua moja yake na moja yangu, nikazitia katika mfuko, nikaziweka juu ya nguru.

Baada ya sala ya alasiri nikazitoa. Yangu niliikunja, ikakunjika. Yake ilikuwa kavu kama kigae. Nikaikunja kwa nguvu kidogo tu, ikapasuka katikati, pale ambapo unyayo wake ulikuwa umechimba alama.

Nilikaa chini jikoni na vipande viwili mkononi. Sikujua nilie kwa lipi, kandambili au mtoto. Kisha nikanyanyuka nikapiga simu, mimi ambaye kupiga simu ng'ambo niliogopa gharama yake.

"Mama? Kuna nini? Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Nawar, usifungishe yale matairi."

"Kwa nini?"

"Kitu kigumu kikiingia baridini kinazidi ugumu. Barafu haili tairi kama lami, wala haishikiki; mpira mgumu utapita juu yake kama sahani. Ulio laini ndio unaobaki laini."

"Nani kakwambia?"

"Nimejaribu. Nimetia kandambili friza."

"Kandambili za nani?"

"Moja yangu. Moja ya baba yako."

"Mama! Umeitia kandambili ya Baba friza, pamoja na samaki?" Akacheka, kisha kicheko kikavunjika njiani. "Iko wapi sasa?"

"Imepasuka."

Nilitamani aseme nimekosea, nirudi nyuma tubaki wote watatu kama jana.

"Lakini Baba alisema gumu," akasema, na sauti ilikuwa ya yule wa miaka minane. "Mama, alinishika kidole. Alisema usimsikilize mtu yeyote."

"Alisema kweli. Alisema kwa lami ya hapa. Baba yako baridi yake kubwa ilikuwa kule juu mlimani Jabal Akhdhar, tena akarudi analalamika masikio. Huko uliko hakuwahi kufika, mwanangu. Huko ni wewe na fundi wako tu."

"Kwa hiyo yule fundi alikuwa anasema kweli. Na mimi nimemtukana."

"Kamuombe radhi. Na ununue lile ghali."

"Ni pesa nyingi, Mama."

"Safwan atakutumia zile pesa alizoweka za kunibadilishia pazia la mlangoni. Pazia nimelizoea."

Simu ya ng'ambo inakula pesa, lakini sikumharakisha.

"Haya," akasema mwishowe. "Nimekusikia wewe."

Jumatano usiku wa kwao, kwangu alfajiri, alipiga. Nilikuwa juu ya mswala. Amekwenda hospitali na kurudi mara mbili. Njiani kwenye mteremko lori lilikuwa limelala ubavuni, na yeye alikanyaga breki, gari likasimama. Alisema hivyo tu: likasimama. Na Jumatatu alipomwomba radhi yule fundi, alimcheka kidogo, akamfungia lile ghali na kumpa chai. Kisha akaniambia anasinzia, akaniaga, akakata.

Nikaweka simu chini na moyo ukanijaa. Nikakunja mswala upesi, nikapita ukumbini, nikafika mlango wa chumba chetu na nikausukuma, midomo iko wazi tayari kusema: Leo nimekushinda, Sleyum, leo kidole chako kimekosea, njoo usikie.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Nilisimama hapo, na nje adhana ikaanza msikiti mmoja, ikafuata mwingine. Yeye peke yake angecheka inavyostahili. Angejipiga paja, akaomba nisimulie tangu mwanzo, na jioni angekipeleka kisa hicho dukani kwa Bakhit kama chake.

Nikaswali, kisha nikakaa upande wangu wa kitanda, nikasimulia tangu mwanzo, kwa sauti ya chini, mpaka jua likatoka.