Kilo Moja na Nusu ya Shangazi

Siku ile mjinga alikuwa Gidahosh mwenyewe, na asitafutwe mwingine wa kumsaidia kuubeba ujinga huo. Bingwa wa ngumi wa mkoa, miaka minne mfululizo, asubuhi ya kupima uzito akapitia kijiji cha Dirma kumsalimia shangazi yake!

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nimepata mjukuu wa kiume. Kunywa."

Maziwa ya kumpokea mtoto hayakataliwi. Ukiyakataa, umemkataa na mtoto. Gidahosh akanywa. Akaongezewa kibuyu, akanywa tena, akajifuta midomo na kushika njia ya shamba la ngano alikofanya kazi, mwepesi wa moyo kama mtu asiyesubiriwa na mizani yoyote.

Mizani ilikuwa ghalani, ileile ya kupimia magunia ya ngano. Gidahosh akapanda: kilo sitini na moja na nusu. Kikomo cha uzani wake kilikuwa sitini.

Bwana Nicodemo, ofisa michezo wa shamba, alishindwa kuficha furaha. Mpinzani, Severine, fundi mitambo kutoka mjini na kipenzi cha meneja, alikuwa ameshapimwa na kuvaa fulana yenye jina la shamba.

"Una saa mbili," Nicodemo alisema. "Zikipita, ubingwa ni wa Severine, bila hata ngumi moja."

Hapo ndipo palipouma. Gidahosh hakuwa na kitu kingine cha kuita chake. Alikuja kubeba magunia hapa baada ya trekta la shamba kulima malisho ya baba yake na ng'ombe kufukuzwa. Ngumi alifundishwa nyuma ya ghala na Mzee Tluway, dereva wa kombaini, ile mashine ya kuvunia ngano, mtu wa kijiji cha Bashay aliyezijulia jeshini. Pambano la kwanza alipigwa mpaka akasahau njia ya kwenda kulala. La pili alikataa kuanguka. Baada ya hapo, wa kuanguka wakawa wengine.

Mzee Tluway alilikagua tumbo la bingwa wake. "Ulikwenda kusalimia au kunenepeshwa?"

"Nimekosa, mzee."

"Kukosa hakupunguzi kilo. Panda."

Akampandisha kwenye kibanda cha dereva cha kombaini, ovaroli mbili mwilini na koti la mvua juu yake, akawasha injini, akafunga vioo vyote. Jua la mchana likapiga kutoka juu, joto la mashine likapanda kutoka chini. Gidahosh akaketi humo akirusha ngumi hewani, kushoto, kulia, kushoto, jasho likimwingia machoni. Vibarua wakaacha magunia wakaja kutazama.

"Gidahosh! Utaiva saa ngapi?"

"Mtilieni chumvi jamani!"

Hilaria, karani wa mizani, akagonga kioo. "Shangazi anauliza kama umeshiba, au akuletee kingine!"

Gidahosh alicheka, ingawa kinywani hamkuwa na mate ya kuchekea. Mara mbili mkono wake ulishika kitasa cha mlango. Mara mbili akamwona Severine kule chini, kivulini, akijipepea kwa kofia. Akakiachia kitasa, akaendelea kurusha ngumi.

Dakika tano kabla ya muda kwisha alishuka, akavua vyote akabaki na kaptura. Akapanda mizani. Hilaria alisogeza jiwe taratibu, akalirudisha kidogo, akainama kusoma.

"Sitini," alisema. "Kamili."

Ghala zima likalipuka kwa vigelegele na miluzi. Nicodemo hakupiga makofi. Alingoja kelele zitulie, kisha akaja na sauti ya huruma.

"Jitazame, bwana. Umekauka kama bua. Kesho utaumizwa bure. Achia ubingwa kwa heshima, nami nitamwomba meneja akupe kazi ya ulinzi, ukae tu kivulini."

"Sitaki kivuli."

"Ukaidi wa wachunga ng'ombe huo! Shamba hili ndilo linalokulisha. Likitaka kitu, lipewe."

Mzee Tluway alifungua mdomo kujibu, lakini Gidahosh akamshika mkono.

"Malisho mliyataka, mkayalima kwa trekta, tukabaki tunatazama," alisema. "Ubingwa haulimwi, Bwana Nicodemo. Mwambie Severine aje kesho aung'oe kwa mikono yake."