Mzee Merle Aingia Hifadhini

Tangu serikali ilipouzungushia msitu vibao vyake na kuwaambia wakata miti watafute kazi nyingine, Mzee Merle Tveit aliapa hatatia mguu humo. Na mzee yule akiapa, basi tena, hata mvua ya kwao isiyojua kuchoka hailainishi kitu. Sasa binti yake Corinne si akaenda kupendana na askari wa hifadhi! Tena ndoa wafunge Jumamosi, humo humo, chini ya mti mwekundu mkubwa kuliko yote.

Corinne aliogopa jambo moja tu: baba hatakuja. Mama yake alishafariki, na wa kumsindikiza alikuwa huyu huyu mkaidi.

"Njoo upaone tu, baba," alimbembeleza. "Tukitoka nakununulia pai ya tufaha."

"Pai mbili," alisema mzee, akavaa buti.

Msituni watalii walikuwa wakinong'ona kama wamo kanisani. Mzee Merle anong'one, yeye nani? Kwenye kila mti alisimama, akafumba jicho moja, akauangusha kwa mawazo.

"Huu ningeulaza pale bondeni. Usingepasuka hata ubao mmoja."

"Baba, watu wanakusikia!"

"Wasikie. Na ule pale ungeangukia gari la mchumba wako. Kwa bahati mbaya."

Mama mmoja mtalii akamvuta mwanawe kando. Corinne alitamani ardhi immeze.

Walipofika kwenye mti wa harusi, Corinne alimtazama baba yake usoni. Mzee alitazama juu, akatazama weee, kisha akatikisa kichwa.

"Hapa hafungi mtu ndoa."

"Nilijua!" Corinne akalipuka. "Miaka yote hii bado una kinyongo! Basi Jumamosi kaa nyumbani na kinyongo chako, mle pai pamoja!"

Mzee alimshika kiwiko, akamvuta nyuma, akanyoosha kidole. Huko juu kabisa tawi kavu, nene kama ng'ombe, lilikuwa limevunjika na kuegemea jingine. Upepo kidogo tu lingeshuka.

"Rafiki yangu alikufa kwa tawi kama hilo. Sisi wakata miti tunaliita mleta ujane. Unataka kuwa mjane hata keki hujakata?"

Mzee alikwisha kuondoka, anachechemea mti hadi mti, shingo juu, akigombana na matawi kwa sauti. Mwishowe akapata mti uliomridhisha. Akachora alama kwa kisigino cha buti.

"Wewe hapa. Huyo askari wako hapa, na asisogee."

Kisha akachora ya tatu, ubavuni mwa ile ya Corinne.

"Na hiyo ya nani?" aliuliza Corinne.

"Swali gani hilo, mwanangu? Nyinyi mtakuwa mnatazamana. Juu atatazama nani?"