Mtani Mwenye Sauti ya Simu

Madaktari walipomtoa Bernardo Masolwa uvimbe wa kooni, walimtoa na sauti pia. Watu wa Itetemia, pale Tabora, walikwenda kumpa pole kwa zamu, na wengine, tuseme kweli, njiani walikuwa wanashusha pumzi. Bernardo alikuwa muuza asali, na ukinunua asali kwake ulifungiwa na tusi, la bure kabisa. Sasa mzee alikuwa na tundu shingoni, kitambaa cheupe juu ya tundu, na kimya.

Binti yake Jenifa, aliyeko Dar es Salaam, akamtumia simu. Unaandika, yenyewe inasema. Ilikuja na sauti za Kiswahili za kuchagua. Ya kike ilikuwa kama ya yule dada anayekuambia salio lako halitoshi. Ya kiume ilikuwa kama ya karani anayesoma hukumu huku ana mafua.

"Chukua ya kike, baba Jenifa," mkewe Josepha alimshauri. "Angalau nipate mwenzangu wa kupiga naye soga."

Bernardo akachukua ya kiume. Sokoni ilimfaa. Mteja akiuliza bei, simu inajibu. Akiuliza kama asali imechanganywa na sukari, simu inajibu, "Sukari unayo wewe mwilini," bila kupanda wala kushuka, kama mtu anayehesabu misumari. Wateja walikuwa wanacheka hadi wanashika meza. Walicheka kwa sababu walikuwa wanamtazama Bernardo: nyusi zimepanda, midomo imechongoka kama ya kuku aliyemeza kokwa. Mzee yeye alidhani simu ndiyo inayochekesha. Akaipenda. Akaanza kuifuta vumbi kwa kitambaa alichokuwa anafutia miwani.

Basi akafa Bi Hadia, mama yake Nurdini.

Nurdini ni fundi cherehani, Mzaramo, babake alikuja Tabora na kazi ya reli akasahau kurudi Kisarawe. Bernardo ni Mnyamwezi. Hao ni watani tangu babu zao walipokuwa wanabebeshana mizigo kwenye njia ile ya pwani na kutukanana hadi Bagamoyo. Na kazi ya mtani msibani kila mtu anaijua. Wenye msiba wakilia, yeye anamsema marehemu. Anakwapua nyama jikoni. Anaharibu kilio, ili mfiwa acheke kidogo, apate nguvu ya kuendelea kulia. Bi Hadia mwenyewe, akiwa bado na nguvu zake, alimwambia Bernardo mbele ya watu, "Siku yangu ikifika, we Mnyamwezi, usithubutu kuniacha nizikwe kimya kama mgeni wa serikali."

Akazikwa kimya. Siku hiyo Bernardo alikuwa porini upande wa Isikizya, anafuata asali kwenye mizinga, na huko mtandao hakuna. Aliporudi, bibi ameshalala chini. Lililobaki lilikuwa siku ya kuondoa tanga. Asipomchekeshea watu siku hiyo, basi tena.

Hotuba aliiandika nyumbani, akafuta, akaandika tena. Josepha alikuwa anamsikia akigongagonga kioo cha simu huku mabega yanamcheza.

"Inachekesha?" akamuuliza.

Bernardo akainua kidole gumba.

"Nisomee kidogo."

Akakataa. Mpishi gani anaonjesha wali kabla ya shughuli?

Kwa Nurdini turubai lilijaa hadi barabarani. Ndugu wa Kisarawe walikuwa wamefika, watu ambao hawakumjua Bernardo wala historia ya koo lake. Mshika kipaza sauti alikuwa Adinani, mpwa wa Nurdini, kijana wa mjini mwenye kanzu iliyopigwa pasi hadi inakata. Bernardo akapenya kutoka nyuma, amejifunga kanga ya Josepha juu ya suruali, ungo kichwani. Wenyeji wakaanza kutabasamu. Nurdini, aliyekaa mkekani na macho mekundu, aliinua kichwa. Alikuwa anamngoja. Hata kipofu angeuona ule uso kwamba unangoja.

Na hapo ndipo Bernardo alipofanya kosa. Turubai lilikuwa kubwa, simu ina sauti ndogo. Akaisogeza simu kwenye kipaza sauti cha Adinani, ili na walio nje wasikie, akabonyeza.

Spika iliyofungwa juu ya mti ikasema, kwa sauti ya hukumu na mafua, hadi kwa jirani wa nyumba ya nne:

"Sisi Wanyamwezi tumesikitika. Marehemu alikuwa mvivu. Marehemu alikuwa mlafi. Akipika ubwabwa alikuwa anafungia sufuria chumbani. Hatuamini kuwa amekufa. Tunaamini amejificha ili asile na watu. Afukuliwe tuhakikishe. Ha. Ha. Ha. Ha."

Yale ha ha aliyaweka mwenyewe, awaongoze watu wapi pa kucheka. Simu iliyasoma moja moja, kama anayegonga mihuri.

Walio nje waliisikia sauti tu, uso hawakuuona. Walio ndani nao walikuwa wameshageuka kutazama spika. Kule kwa akina mama, mtu akasema "Allah!" na mwingine akaanza kulia upya, kilio cha kweli, siyo kile cha kupokezana.

"Nani kaleta redio ya matusi hapa?" Adinani akauliza.

Bernardo akabonyeza isimame. Haikusimama. Kidole kiligusa pengine, na spika ikaendelea: "Nurdini, usilie. Pua yako ikivimba haitapita mlangoni." Akaichomeka simu kiunoni. Ikaendelea kusema humo humo ndani ya kanga, kwa sauti ya mtu aliyefungiwa kabatini. Ungo ukaanguka ukajiviringisha hadi miguuni kwa shehe.

Akamtazama Nurdini. Nurdini alikuwa ameinamisha kichwa.

Kama wangempiga, ingekuwa afadhali. Jirani mmoja, mtu mwema sana, Mungu amsamehe, alisimama akasema, "Jamani, mvumilieni mzee wetu. Ni mgonjwa. Walimtoa koo."

Ndugu wa Kisarawe wakasema aaah, wote kwa pamoja. Adinani akashusha kipaza sauti. Akamwendea Bernardo, akaunganisha viganja, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, mzee. Tusamehe, hatukujua."

Mtani anayefanya kazi yake hapewi shikamoo. Anatukanwa, anamwagiwa maji, anafukuzwa na mwiko. Bernardo alisimama pale na kanga ya mkewe, anaamkiwa kwa heshima zote, na masikio yakawa yanamwaka. Hata marahaba alikuwa hana ya kujibia. Akatikisa kichwa, akatoka kwa nyuma.

Huko nyuma, kwenye masufuria ya pilau, Josepha alimkuta amechuchumaa, ameshavua kanga na kuikunja vizuri kupita kiasi.

"Twende nyumbani, baba Jenifa."

Akaandika. "Siwezi kupita mbele yao," simu ikasema, ile ile, kama inataja bei.

Mwenye kusimamia pilau alikuwa Bi Siwema, mdogo wa marehemu, mwanamke mpana mwenye mwiko mrefu kama kasia. Alikuwa ameyasikia yote. Akaja akasimama juu yao.

"Lete hiyo simu."

Bernardo akampa. Hakuwa na nguvu ya kumnyima mtu kitu. Bi Siwema akairudisha miwani kwenye pua, akasoma taratibu, midomo inacheza. Alipofika kwenye sufuria ya chumbani akasimama. Akarudi nyuma akaisoma tena. Tumbo likaanza kumtikisika.

"Kumbe ulijua kuhusu sufuria!" akasema, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye bizari. "Dada yangu mimi! Na ufunguo alikuwa anauweka humu," akajipiga kifuani. Kisha akamrushia Bernardo simu. "Maneno unayo, Mnyamwezi. Lakini huyu uliyemtuma kuyasema! Mtu katangaza msiba wetu kama anatangaza treni imechelewa."

Bernardo akamwonyesha turubai kwa mkono, yaani, nenda ukawasomee wewe.

"Nimtukane dada yangu mwenyewe? Mimi mtani?" Akashika mwiko. "Rudi ukakae na watu. Ukitoroka leo, hapa kwetu hutakanyaga tena kama mtani. Utakuja kama mgonjwa."

Akarudi. Kila alipopita watu walisimama kumpisha. Wakampa kiti, cha plastiki, chenye mikono, wakati wanaume wenzake wako mkekani. "Pole, mzee." "Pole sana." Nurdini alimtazama, akatengeneza kofia yake. Sinia zikaletwa, na sahani yake ikaja peke yake, Adinani kaibeba kwa mikono miwili: pilau imepakuliwa kilima, na juu yake paja zima la kuku. Msibani kwa watani zake, Bernardo maisha yake yote alikuwa anakula alichoiba. Aliitazama ile nyama. Akatamani ardhi impokee kama ilivyompokea Bi Hadia.

Alikuwa hajaigusa pale kivuli kilipoanguka kwenye sahani. Bi Siwema. Amekatiza katikati ya wanaume, mwiko begani, hakuomba radhi kwa mtu. Akalinyanyua lile paja, akaling'ata, akatafuna mbele ya uso wake.

"Mnyamwezi ale paja kwenye msiba wa Wazaramo? Tangu lini? Lamba sahani!"

"Bi Siwema!" Adinani akaruka. "Mzee ni mgonjwa!"

"Mgonjwa baba yako."

Mkekani, Nurdini akatoa sauti puani. Akaziba mdomo kwa kofia. Kicheko kikamponyoka tena.

Bernardo aliinamia sahani, mabega yakaanza kumtikisika, yakazidi, hadi kiti cha plastiki kikawa kinalia. Sauti ya kicheko haikutoka, itoke wapi? Ndugu wa Kisarawe walitazamana. Adinani alikimbia kumletea maji.