Mawe Mbele ya Kliniki

Daktari Bartholomew alipoletwa kliniki yetu hapa Katelembo, kitu cha kwanza alichokichukia ni mawe yetu.

Mgeni hawezi kujua mambo ya mawe, kwa hivyo nieleze. Mtu wa kule milimani anafika kabla mlango haujafunguliwa. Hawezi kusimama wima muda wote huo, na wengine ni wagonjwa wa miguu. Basi anaweka jiwe lake mahali pake kwenye foleni, halafu anaenda kukaa pale ukutani aote jua. Foleni ikisonga, aliye karibu analisukuma jiwe la mwenzake kwa mguu. Kila mtu analijua lake, na la jirani pia. Jiwe likifika mlangoni na mwenyewe haonekani, watu wanaita, wanamtafuta, maana labda ameanguka mahali. Hakuna aliyetufundisha. Ni vile tunavyofanya na mitungi pale kwa bomba la maji, basi.

Daktari aliangalia akaona takataka.

Siku ya kufungua jengo jipya, wakubwa walikuwa wanakuja kukata utepe. Asubuhi askari wa lango akaambiwa asafishe. Akachukua reki, akakusanya mawe yote, akayamwaga kwa mtaro. La mke wangu Munyiva lilikuwa limekaribia mlango. Yeye alikuwa ameegemea ukuta, kichwa kinamuuma, presha imepanda, na alipofungua macho hakukuwa na foleni. Kulikuwa na hema na viti vya plastiki. Akaambiwa, mama, leo ni sherehe, rudi kesho. Hiyo kesho yenyewe mimi nilishinda kwa fundi nikitafuta mbao za sanduku la kumzikia.

Simlaumu askari. Askari ni mtu wa kutumwa. Nawalaumu waliomtuma, na hao hakuna hata mmoja aliyekosa mshahara.

Sasa watu kama hao ndio, mwaka wa 2004, walikuja kuniambia wanataka kusikia sauti ya mgonjwa. Walianzisha kamati ya wagonjwa. Daktari alisema kliniki inabadilika, na wagonjwa lazima wasaidie kubeba hayo mabadiliko. Kubeba, ndiyo. Kwetu punda naye anashirikishwa namna hiyo.

Nilikubali kuingia kwa sababu ya mtu mmoja tu, shemeji yangu Ndinda, mdogo wake Munyiva. Ana ugonjwa wa sukari, anaishi peke yake huko juu, na dawa yake inatoka kliniki hii. Munyiva nilishamkosa. Nikasema huyu hawataniulia nikiwa nimekaa nyumbani.

Mwenyekiti wetu alikuwa Nzau, aliyekuwa karani kwa ofisi ya chifu. Sijawahi kumwona Nzau akiwa mgonjwa. Ugonjwa wake ni wa vidole vya miguu, ule unaoletwa na nyama nyingi, na huo kwetu tunauita bahati. Kila Daktari akifungua mdomo, Nzau alikuwa ameshaitikia kwa kichwa.

Mwingine wa kumtaja ni Hafso, tunayemwita Mama Mowlid. Ana duka la nguo ng'ambo ya barabara, mkabala na lango la kliniki, na mwaka huo ndiye aliyekuwa na simu ya jamii, ile ya kulipia kwa dakika. Yeye pia ni mtu wa presha. Mdomo wake hauna mlango.

Kikao cha kwanza walitupatia soda. Daktari akasimama.

"Hatutaki tena watu kupanga mawe kama watoto. Mgonjwa atapiga simu, apewe saa yake, aje kama mtu."

"Na sasa anakuja kama nini?" nikauliza.

Nzau akakohoa. "Baba Mutheu, mpatie Daktari nafasi."

"Nimempatia. Nauliza tu. Kule kwa Ndinda hata mlingoti wa simu hauonekani. Atapigia wapi?"

"Si wewe uko na binti huko kiwanda cha EPZ ana simu?" Nzau akasema. "Mutheu awapigie."

"Simu ya Mutheu inashinda imefungiwa kwa askari getini mpaka atoke kushona. Labda tumwambie Ndinda augue jioni."

Hafso akacheka mpaka soda ikampitia puani. "Wewe mzee, hata ukipewa asali utauliza nyuki alikufa aje!"

"Na wewe utafurahi," nikamjibu. "Watapigia kwako."

"Nikatae biashara? Mimi si kanisa." Halafu akamgeukia Daktari, na sasa hacheki. "Lakini huyu mzee ameuliza neno. Wa juu watafanya aje?"

Daktari alikuwa anaandika. Akasema ni hoja nzuri, itazingatiwa. Nimeishi miaka mingi chini ya serikali mbalimbali, na neno *itazingatiwa* nalijua. Ni kaburi. Kitu kikiingia humo hakitoki.

Kazi ya kamati ilikuwa kwenda sokoni na makanisani kueleza watu. Nzau alieleza. Alipanda mimbari kwa Wakatoliki, akapanda na kwa Waprotestanti, akatangaza simu kama anayetangaza kuja kwa Masihi. Mimi sikufungua mdomo. Nilisema, huyo ng'ombe si wangu, sitamchunga.

Jumatatu ikafika, siku ya soko, siku ambayo magari ya kutoka juu yanakuwepo. Ndinda akashuka, kikapu chake cha kyondo begani, jiwe mkononi. Dawa ilikuwa imemwishia siku kadhaa. Midomo ilikuwa imekauka na alikuwa anaomba maji kila hatua. Nilimpokea barabarani nikamsindikiza mpaka mapokezi, anakokaa Mutindi, msichana wa hapa hapa kwetu.

"Mwaitu, ulipiga simu?" Mutindi akamuuliza, akimwita mama kwa lugha yetu.

"Nikupigie simu na wewe huyu hapa?"

"Ndiyo utaratibu, mwaitu. Sina ruhusa."

"Si tunaonana?"

"Tunaonana, lakini lazima upige."

Nilimwangalia Mutindi. Hakuwa na ubaya. Alikuwa na mlango wa Daktari nyuma yake, ni hayo tu. Basi tukavuka barabara mpaka kwa Hafso.

Hafso akapiga namba, akampa Ndinda mkono wa simu. Kutoka dukani unamwona Mutindi kwa dirisha la kliniki, ameinua yake.

"Uvoo waku?" Ndinda akaanza na salamu za kwetu.

"Ni museo, mwaitu. Uvoo waku?"

"Ni museo. Mama yako ameamka aje?"

Na hapo sasa. Msichana aliyelelewa na Wakamba atamkatiza mwanamke wa umri wa mamake salamu zikiwa katikati? Hawezi. Na Ndinda ataomba dawa kabla ya kuulizia watu wa nyumbani? Hawezi, angekuwa anatukana. Wakasalimiana. Wakapitia mama, wakapitia mguu wa baba, mvua, mbaazi, mbuzi aliyezaa mapacha. Wawili hao walikuwa wametoka kusimama uso kwa uso. Ndinda akavuta pumzi ili aseme shida yake, na simu ikalia tii, ikakatika. Dakika zimekwisha.

"Mwambie shida kwanza!" nikasema.

"Nianze na shida kama polisi?" Ndinda akanijibu.

Hafso akapiga tena, bila kulipisha. Mutindi akauliza kama ile mvua ilifika mpaka mtoni. Mara hii angalau Ndinda alifikia neno sukari, na Mutindi akamwambia pole mwaitu, saa za leo zote zimechukuliwa, kuna nafasi Alhamisi.

Ndinda akarudisha mkono wa simu taratibu. Akakaa juu ya robota la vitambaa. "Shemeji," akaniambia, "sioni duka vizuri."

Nilimwona Munyiva pale ukutani. Na ng'ambo, kwenye ukumbi mpya wenye viti vipya, watu wachache walikuwa wamekaa mbali mbali kama wako kwa picha.

Hafso alimwinamia Ndinda, akamwangalia macho. Halafu akaing'oa ile simu pale kaunta, akaisukuma chini ya meza pamoja na waya zake.

"Kwangu hakuna mgonjwa atanunua simu ya kuvuka barabara," akasema. "Wacha ioze. Mzee, mshike upande huo."

Tulimvusha tukiwa tumemshika huku na huku. Mutindi akasimama.

"Mutindi, mimi niko na saa yangu leo?" Hafso akauliza.

"Ndiyo, Mama Mowlid. Ni sasa hivi."

"Basi Hafso wa leo ni huyu."

"Lakini jina..."

"Andika unalotaka. Ukipenda andika ngamia."

Akampitisha Ndinda mpaka ndani bila kubisha hodi. Daktari alipompima damu uso wake ulibadilika. Akamtundikia maji, akamdunga dawa, akamlaza pale mpaka alasiri. Alifanya kazi yake vizuri, sikatai. Mtu akiletewa mgonjwa mpaka kitandani, huku akiwa amefunga milango yote ya kufikia kitanda, afanye kazi yake vizuri. Tumshukuru kwa hilo?

Habari zilipanda milimani haraka kuliko simu yoyote. Kesho yake watu walishuka kwa miguu, wakakuta duka la Hafso halina simu na lango halipokei asiye na saa. Hawakugomba. Waliweka mawe yao nje, kando ya ua, kutoka langoni kuelekea barabara kubwa, wakakaa. Kesho kutwa mawe yakazidi, hata wenye saa zao wakaweka yao. Ndani simu ya Mutindi haikulia. Daktari alikaa na jengo lake safi, na hakuna mtu wa kutibu humo. Askari wa lango aliulizwa kama atafagia. Akasema reki imevunjika. Nilimpenda siku hiyo.

Kamati ikaitwa haraka. Soda hazikuwepo.

"Kwa nini hamkuniambia?" Daktari akauliza.

"Tulikwambia," nikasema. "Ulikuwa unaandika."

Nzau akaanza kueleza kwamba jamii inahitaji muda wa kuelimishwa. Hafso akamkata. "Wewe nyamaza, vidole vyako vitauma." Hata Mutindi alicheka, aliyekuwa amesimama mlangoni.

Halafu tukaongea kama watu. Asubuhi iwe ya mawe, kwa wanaotoka mbali, na siku ya soko iwe yao yote. Mchana uwe wa simu, kwa wa mjini na wale wa maofisi. Wazee wakitaka saa ya mchana, Hafso atairudisha simu yake kaunta awapigie mwenyewe. "Salamu watapeana wakifika," akasema. Na mimi nikaweka langu moja, nikasema sitoki kwa hicho chumba mpaka likubaliwe: hakuna jiwe linaloguswa na mkono wa kliniki. Likifika mlangoni bila mtu, Mutindi aache kiti chake, atoke nje amtafute mwenyewe.

Daktari aliweka kalamu chini. Nadhani alijua kwa nini ni mimi niliyesema hilo. Akakubali. Pole hakusema. Hao hawasemi, wanakubali tu hoja.

Baadaye wakaja wakubwa kutazama. Nilikuwepo. Daktari aliwaambia kwamba kliniki yake imepiga hatua kwa kushirikisha wagonjwa tangu mwanzo, na Nzau akaitikia kwa kichwa. Mkubwa mmoja akapiga picha ya mawe, akasema ni ubunifu. Tangu mwanzo! Niliona heri nitoke nje kabla sijatema mate kwenye sakafu yao.

Nje, Ndinda alikuwa anatoka kuchukua dawa yake ya mwezi. Anatembea mwenyewe, macho yanaona. Ameingia kwa jiwe, ametoka, wala hakuna aliyemuuliza simu.

"Shemeji," akaniambia, akifunga kyondo, "huyu Daktari ni mtu mzuri sana. Ameniuliza hata habari za mbuzi."

Nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga. Nikamwangalia vile amenenepa kidogo mashavuni, nikaufunga.

"Twende," nikamwambia. "Gari litajaa."