Ujumbe wa Jenereta ya Kituo cha Afya

Saa tano asubuhi, Zipora alikuwa Mtera akifunga jenereta ya kiwanda kidogo cha barafu ya samaki, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. "Umeme umekatika. Jenereta inajaribu kuwaka."

Maneno hayo aliyaandika mwenyewe. Mwezi uliopita alifunga kontrola mpya, kifaa cha kuiongoza na kuichunguza, kwenye jenereta ya kituo cha afya, kijiji kimoja ng'ambo ya Mvumi, akatia laini ya simu ili hitilafu yoyote imfikie popote alipo. Siku ile alipita wodini kumsalimu mzee Abeli, aliyekuwa akipumua kwa mashine ya oksijeni.

"Shikamoo babu. Sasa umeme ukikatika, nitajua papo hapo."

"Marahaba. Ukishajua, utafanya nini?"

Walicheka wote wawili.

Ujumbe wa pili ukaingia: "Jenereta imeshindwa kuwaka. Betri haina nguvu."

Zipora alijua. Siku nne nyuma kontrola ilimwambia betri inapungua. Alimpigia Mazengo, mtunza jenereta. Mazengo akamwambia Daktari Geofrey, na daktari akaandika barua ya kuomba betri, ambayo ilikuwa bado haijaletwa.

Akatuma amri ya kuwasha. Ikajibu: imeshindwa. Akampigia Mazengo. Hapatikani, shambani kwake hakuna mtandao. Daktari Geofrey alipokea kwa kunong'ona, yuko kikaoni Dodoma mjini, akamtumia namba ya nesi Yasinta. Iliita mara nne bila kupokelewa. Mara ya tano sauti ikatoka kwa mbali, kama simu imewekwa kitandani.

"Dada, siwezi kushika simu! Nambonyezea mzee hewa kwa mkono!"

"Mtungi wa akiba je?"

"Umepelekwa kujazwa!"

"Kuna gari lolote hapo? Hata betri ya gari itawasha."

"La wagonjwa limeondoka na mjamzito. Niko peke yangu, dada."

Simu ikakatika. Kila baada ya dakika tano ujumbe ulirudi uleule: betri haina nguvu. Alikuwa ameipanga hivyo, irudie mpaka mtu abonyeze kitufe kwenye jenereta.

Hassani, mwenye kiwanda, alimwona ameketi juu ya sanduku la vifaa, ameikodolea simu macho. Alipoelezwa, alichukua spana. Alichomoa betri mpya ya jenereta yake, akaipakia kwenye gari. "Twende."

"Ni zaidi ya saa mbili, kaka."

"Najua. Twende."

Walikuwa bado hawajafika nusu ya njia ujumbe mwingine ulipoingia: "Umeme umerudi." Umerudi wenyewe, kama ulivyokatika. Zipora akapiga. Safari hii Yasinta alipokea mara moja.

"Umerudi, dada. Ila mzee ametangulia. Kama robo saa hivi."

Hassani alipunguza mwendo. "Tugeuze?"

"Hapana."

Walifika saa nane. Mazengo alikuwa ameshafika, amesimama mlangoni pa chumba cha jenereta na jembe lake, hawezi kuwatazama. Zipora alifunga betri, akajaribu. Jenereta ikawaka hapo hapo. Aliiacha ingurume kidogo, akaizima, kisha akaingiza namba ya Yasinta kwenye kontrola.

Alipotoka, mwanamke mmoja alikuwa akikunja blanketi barazani. Alikuwa Angelina, binti wa marehemu.

"Nawe ni ndugu yetu?" aliuliza.

"Hapana, mama. Mimi ni fundi wa jenereta."

"Haya. Pole kwa safari," alisema Angelina, akamsogezea kiti.

Zipora alikaa.