Shamba la Kifuani

Amisa alikuwa anapalilia mstari wa tisa wa pamba, karibu na kijiji cha Wamaza, aliposimama kufunga kikwembe chake upya, vidole vikagonga kitu kigumu ndani ya titi la kushoto. Akamaliza mstari wa tisa, akamaliza wa kumi, ndipo akavuka kwenda kwa mumewe, Faradji, aliyekuwa anapalilia upande wa pili.

Faradji aligusa mara moja. Akafuta mkono kwenye suruali kana kwamba umelowa.

"Tangu lini, Mama Feza?"

"Kitu nimekiona leo. Lakini bega linaniuma tangu tulivuna mupunga."

Baada ya wiki tatu za mizizi ya kuchemsha, titi lilikuwa limejikunja ngozi kama ganda la chungwa. Hospitali ilikuwa Kasongo, na mtu hakutoka wilaya ya Kabambare bila barua ya ruhusa. Mzungu wa pamba, aliyesimamia mashamba yote, hakukataa kuitoa. Alisema ataitia sahihi magugu yakiisha. Magugu yaliisha siku ya kumi na moja, na wanaume wanne wakambeba Amisa kwa machela, siku tano njiani.

Daktari alimkata asubuhi. Kabla ya adhuhuri nesi mmoja, Octave, alitoka na beseni, akaliweka miguuni pa Faradji. Ndani mlikuwa na tumba la pamba lililofunguka, kubwa kama ngumi mbili, jeupe, na mbegu zake. Damu ilikuwa pembeni tu.

"Daktari ameandika saratani," Octave alisema.

"Lakini hii iko pamba."

"Ndiyo. Mara hii iko pamba. Mwezi uliopita tulimfungua mutu wa machimbo, mapafu yalikuwa yamejaa mawe yao. Wenye machimbo walituma gari kuyachukua siku ileile."

Faradji aliuliza kama mkewe ataishi. Octave alisema daktari amefika mpaka kwenye mzizi, na kwamba mkono wa kushoto utavimba. Asiulaze. Autembeze ukutani kila siku, vidole vikipanda kama mjusi.

Kipande cha mwili wa Mwislamu kikikatwa huzikwa. Faradji alikifunga kwa bendeji safi, akarudi nacho nyumbani akimtangulia mkewe, na siku ya pili baada ya kufika akachimba kaburi la dhiraa moja katika makaburi ya Wamaza. Alikuwa amepiga magoti ili akiweke aliposikia kengele ya baiskeli. Alikuwa Bulaimu, moniteri wa pamba, mkaguzi wa mzungu mashambani, aliyemwoa binamu ya Amisa.

"Shemeji, unamuzika nani? Sikusikia kilio."

"Titi la Amisa."

Bulaimu aliegemeza baiskeli, akasema pole, akafungua bendeji kidogo. Akavuta nyuzi kati ya vidole viwili, kama alivyofundishwa, akazipeleka kwenye mwanga.

"Hii iko daraja la kwanza kabisa. Tangu nianze kazi sijaona ndefu namna hii."

"Iko nyama ya muke wangu."

"Ingekuwa nyama ningekusaidia kufukia. Kuzika pamba iko kosa, unajua. Niko na watoto, shemeji. Usinitazame hivyo."

Aliipima kwa mizani yake ya ndoano: gramu mia tatu na kumi. Ikaingia gunia moja na pamba ya kijiji cha Lusangi, gunia likapanda gari, gari likaenda ilikokwenda pamba yote. Faradji hakufukia kaburi. Hakukuwa na kitu cha kufukia.

Amisa aliporudi kutoka hospitali, alitembeza vidole ukutani. Binti yao Feza alitia alama ya makaa kila jioni mahali mkono ulipofika, na mama yake Faradji alilisugua bega kwa mawese huku akimtukana mzungu kwa Kibangubangu, polepole, kuanzia babu zake. Alama ya kwanza ilikuwa sawa na kiuno. Ya ishirini ilipita kidevu.

Mzungu wa pamba alikuja mwenyewe na kamba ya kupimia. Alivua kofia mlangoni. Akapima kutoka mfupa wa bega mpaka ubavu wa mwisho, akiwa mwangalifu asiguse kovu, akauliza mbegu ilipandwa tarehe gani. Hakuna aliyejua. Akasema kwa upole kwamba ardhi inayozaa bila kupandwa si ya kuacha hivihivi. Siku ya Jumamosi Bulaimu alileta kibao cha mti, kama vilivyokuwa katika mashamba yote ya barabarani, kimeandikwa namba ya shamba, 47. Kilikuwa na kamba ya kuvaa shingoni. Amisa alikivua wakati wa kuoga tu.

Mwezi wa kumi na mbili aliinua jembe kwa mikono miwili. Walipika wali wa shukrani, majirani wakala, Bulaimu naye akala, sahani mbili.

Tangu siku hiyo, kila Ijumaa kabla ya swala, Amisa alijigusa kifua, kushoto kwenye kovu na kulia palipobaki. Faradji alisubiri nje akiwa ameshika kopo la udhu. Kama kuna kitu, mke atakufa. Kama hakuna, shamba namba 47 halitazaa, na mwenye shamba lisilozaa hufungwa.

Soko la pamba lilipokaribia, Bulaimu alipita bila kupiga kengele.

"Shemeji, muchukue kiganja kimoja tu kutoka shamba lenu la barabarani. Museme kimetoka kifuani. Mimi nitapima nikiangalia pembeni."

Faradji alimtazama mkewe. Yeye mwenyewe usiku kucha alikuwa amefikiri jambo hilohilo.

"Hapana," Amisa alisema. "Wataandika kwamba nimezaa. Mwaka kesho watataka viganja viwili. Nami katika kitabu chao nitakuwa mugonjwa mpaka nife. Miezi yote hii nilipanda ule ukuta ili niandikwe mugonjwa?"

"Watanifunga, Mama Feza."

"Najua, Baba Feza. Nitakuletea chakula."

Siku ya soko Amisa alisimama mbele ya meza ya mzungu, kibao shingoni, akasema haiko kitu. Alitoa barua ya Octave iliyosema amepona kabisa. Mzungu aliisoma mara mbili, akaikunja vizuri, akaiambatanisha na kitabu kama ushahidi: shamba lilikuwa limetiwa dawa makusudi lisizae. Mwenye shamba ni mume. Siku saba gerezani, na viboko vinne kila asubuhi.

Ikawa hivyo kila mwaka. Mwaka wa sita Faradji alikuwa kifungoni, anapasua mawe ya barabara ya Kabambare, na Amisa alifika kwenye senyenge na ugali na majani ya sombe. Senyenge ilikuwa imeongezwa urefu. Akapitisha sufuria juu yake kwa mkono wa kushoto, umenyooka kabisa.

"Iko kitu?" Faradji aliuliza.

"Haiko kitu."

"Alhamdulillahi."

Akaweka sufuria kivulini, akavua shati, akaenda kusimama katika foleni ya viboko. Mbele yake walikuwa wanaume tisa. Wanne kati yao walikuwa waume wa wanawake waliopona.