Zamu ya Nibaldo

…na pezi la ubao linakata, nimelijaribu asubuhi kwa kidole gumba, nimelinoa kwa tupa ileile mume wangu Eladio anayonolea kisu chake cha mwani, na sasa liko chini ya ubao wangu ndani ya maji haya yanayouma mpaka kwenye meno, halionekani, na Nibaldo amekaa juu ya ubao wake mbele yangu, amenipa mgongo kana kwamba hakuna mtu duniani anayeutaka mgongo huo, na sote wanne tunangoja, kwa sababu hapa Punta Huala hakuna anayepanda wimbi mpaka aitwe jina, mwamba unatuziba, huku chini hatuoni kinachokuja, anayeona ni yule aliye juu, leo ni bibi Herminda na koti lake jekundu, zamani wake za wakata mwani ndio waliosimama pale kuwaita waume zao wapande juu kabla bahari haijawabamiza, mama yangu alisimama pale, na mama yake, na mimi… zamu inayofuata ni ya Nibaldo, ataitwa, ataondoka, nami nitaondoka nyuma yake bila kuitwa, nitamshukia kutoka juu ya wimbi, ubao na uzito wangu wote, nataka kusikia mfupa, nataka shingo ile ifunguke kama shina la mwani, nataka maji yabadilike rangi na yeye ayanywe…

"Mama mtoto!" Huyo ni Pozo mkubwa, wamekaa kushoto yeye na mdogo wake, midomo imewageuka buluu. "Umekuja kuwanyonyesha sili?"

"Mwache," anasema mdogo wake, "sili wenyewe wamemwona wakakimbia."

…wanacheka, sijibu, sijawahi kujua kujibu, hata shuleni mwalimu akiniuliza nilikuwa naviangalia viatu vyangu, na maziwa yanatoka kweli, yanavuja ndani ya suti ya mpira, ndicho kitu pekee chenye joto katika mwili huu, Maite atakuwa ameamka, ana miezi mitatu, mama mkwe anamzungusha jikoni, na Eladio yuko pale kando ya jiko, taya limefungwa waya, anavuta supu ya viazi kwa mrija, baba ananyonya na binti ananyonya, wiki ya tatu sasa, usiku namsikia akikoroma kwa pua kama mtu anayezama, na aliyemfanya hivyo ni huyu, huyu aliyekuwa awe baba wa ubatizo wa Maite, aliyekwisha kununua mshumaa… alimkamata nywele, niliona yote kutoka juu ya mwamba, Maite nimemfunga kifuani, alimkamata nywele akampiga kiwiko cha mdomo, mara ya kwanza, ya pili, nilisikia, au nilidhani nimesikia, kama mtu anavunja kuni mbichi, akamzamisha, akamtoa, akamsemesha, akampiga tena, akamzamisha, akamtoa, povu lilikuwa la waridi, nami nilikuwa pale juu na mdomo wangu, mdomo wa mwitaji, nao umefungwa…

"Tulieni!" bibi Herminda anapaza sauti kutoka juu. "Bado! Ni madogo!"

…bado, bado, mikono haina hisia tena, kichwa kinanibana kama kimefungwa waya nacho, kaa hapo Nibaldo, usisogee, nimekupima tayari, hatua tatu nyuma yako na moja ndani zaidi…

"Yocelyn." Hajageuka, anaongea na bahari. "Anaendeleaje?"

…usimtaje, usithubutu…

"Shemeji, nakuuliza. Anakula?"

"Kidogo," nasema. Neno limetoka lenyewe, sauti ya panya.

"Mimi silali," anasema. "Si kwamba naomba huruma. Aliiba wimbi, na mwizi wa wimbi hapa anajulikana anafanywa nini, baba yangu angemfanya vilevile. Lakini nilimwuliza. Kila nilipomtoa majini nilimwuliza, umeitwa? Niambie tu umeitwa, nitakuacha. Mara tatu, shemeji. Ananitazama tu."

"Kichwa chake kigumu," anasema Pozo mkubwa.

"Wewe nyamaza."

…mara tatu… kumbe ndivyo alivyokuwa akimsemesha, nilidhani ni matusi, umeitwa, na upepo ulikuwa unavuma kutoka baharini siku ile, Nibaldo alikuwa mbali, masikio ndani ya kofia ya mpira, Eladio peke yake alikuwa chini ya mwamba, karibu kabisa, kwa saa mbili hajapata hata wimbi moja, miguu imekufa, na mimi juu naliona lile kubwa linakuja, jeusi, limenyooka, zamu ya Nibaldo, nilijua ni ya Nibaldo, nilikuwa na jina lake kwenye ulimi, na nikaita Eladio, niliita kwa sauti ya mke si ya mwitaji, nilitaka mara moja tu nimwone wangu juu ya lile lililo bora, na alitazama juu kwanza, alishangaa, aliinua mkono hivi, mimi?, nami nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, wewe, nenda… mara tatu angeweza kusema ndiyo, neno moja, na kiwiko kingesimama, lakini angesema ndiyo wangetazama juu, na mwitaji anayedanganya hasimami tena pale maisha yake yote, wala binti yake, kwa maana mwamba wenye mwitaji mwongo huua watu… na ufukweni waliponiuliza, ulimwita?, nilitazama chini, wakadhani nalia, na yeye, damu inamchuruzika, akaandika kwa kidole kwenye mchanga, niliiba… akanifuta mimi na kujiandika yeye, na mimi nikanoa, usiku na mchana nikanoa, kumbe chuma chote kile nilikuwa nakitafutia shingo isiyo yake, waliomvunja taya ni wawili, mmoja ni huyu asiyelala, na mwingine ni mimi…

"Kaeni tayari!" anaita bibi Herminda, lakini hajataja jina, maji yanapanda na kushuka chini yetu, mgongo wa Nibaldo uko palepale, karibu, ningeweza hata sasa, na ni rahisi, hilo ndilo la kutisha, kumkata ni rahisi kuliko neno lile… nafungua mdomo, chumvi inaingia, natema.

"Nibaldo," nasema.

"Umemsikia? Panya kaongea!" anasema Pozo mdogo.

Navuta pumzi mpaka mbavu zinauma, naitafuta sauti ya mama yangu, ile ya kushinda upepo, na inatoka, inagonga mwamba, hata bibi Herminda anageuza koti lake jekundu kunitazama.

"Aliitwa! Nilimwita mimi!"